Pumzi za Mzee Lukwele

Ukuta mzima wa ukumbi ulikuwa umejaa seli moja tu ya neva, na seli yenyewe ilikuwa ya Mzee Chambo Lukwele. Kwa macho ya kawaida huwezi kuiona seli hata ukodoe mpaka machozi yakutoke, lakini pale ukutani ilikuwa kubwa kuliko basi, tena hai, inatetemeka na kusogea, kwa sababu mwenyewe mzee alikuwa ghorofa ya juu kitandani, anakunywa uji. Chombo kilicholeta picha hiyo kiliitwa jicho-seli. Kilikuwa uzi mwembamba uliopenyezwa chini ya ngozi ya mgongo, na kila ulichokiona uzi huo ulikirusha ukutani papo hapo. Wageni wa Baraza la Dawa Mpya walikaa midomo wazi, na hata wale waliokuja wamenuna walisahau kununa.

"Angalieni hapa," alisema Dakta Hidaya Kobelo, akinyoosha kidole kwenye utando wa seli, mahali palipoonekana kitu mfano wa mlango. "Hiki ni kipokezi. Dawa ya maumivu ikifika hukaa hapa nje, kama mgeni anayebisha hodi. Ndani kuna wajumbe wawili wanaosubiri. Dawa za zamani, zile za ukoo wa mofini, huwaamsha wote wawili. Mjumbe wa kwanza anakwenda kuzima maumivu, na huyo tunamtaka. Wa pili kazi yake ni kuja kuufunga mlango, lakini wataalamu wengi wanaamini kwamba ndiye anayeleta balaa. Anafunga choo, na kubwa zaidi, anapunguza pumzi mpaka mgonjwa anakata roho usingizini."

Akawageukia wageni.

"Tulizo ni dawa-upande. Inakaa mlangoni kwa kuinama, hivi, na ikiinama hivyo, mjumbe wa kwanza anaamka, wa pili anaendelea kulala. Maumivu yanakwisha, pumzi inabaki."

Akagusa kitufe. Kule juu tone la Tulizo likaingia mkononi mwa Mzee Lukwele, na baada ya muda mfupi watu wote ukumbini wakaona kitu kidogo cha mviringo kikitua mlangoni, kikainama. Ndani ya seli mjumbe wa kwanza alijinasua akaondoka mbio. Wa pili hata hakujitikisa. Makofi yalipigwa mpaka vioo vikatetemeka.

Hebu fikiri furaha aliyokuwa nayo Hidaya. Ujana wake wote aliumalizia maabara, wenzake wakiolewa na kuzaa, yeye akihesabu wajumbe. Mtoto wa Matombo huko milimani, aliyesoma kwa taa za kuazima, leo anaelekeza kidole na wakubwa wa nchi wanageuza shingo. Hospitali ya Mlima Mpya ilikuwa ndiyo fahari ya Morogoro nzima, mji ambao siku hizo magari ya waya, yale yanayoning'inia angani, yalipanda na kushuka Uluguru mchana kutwa bila dereva, na ndani ya fahari hiyo yeye ndiye aliyekuwa nyota. Na kwa mujibu wa ratiba, Jumatatu iliyofuata baraza lingetia sahihi, na Tulizo ingeingia katika kila hospitali ya nchi.

"Sasa tukawaone wagonjwa wenyewe," akasema mwenyekiti wa baraza, akiinuka.

Hapo ndipo furaha ilipoanza kuingia mdudu.

Wodi ya utafiti ilikuwa imejaa watu. Si wagonjwa, la, wagonjwa walikuwa wachache tu. Walijaa ndugu. Mikeka imetandikwa katikati ya vitanda, chupa za chai zimepangwa dirishani, mjomba mmoja anabishana juu ya mpira na mtu asiyemjua, na harufu ya uji wa pilipili manga imefunika ile harufu safi ya hospitali. Kitandani kwa Mzee Lukwele alikaa dada yake wa tumbo moja, Bi Mwantumu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupenya ukuta. Mzee alikuwa na saratani ya mifupa, na kabla ya Tulizo alikuwa hawezi hata kufunikwa shuka. Sasa alikuwa anasinzia kwa raha zake. Lakini nani angemwacha asinzie? Kila kope zikimwelemea, Bi Mwantumu alimpiga kofi dogo kwenye unyayo.

"Kaka Chambo! We, Kaka Chambo! Umelala? Usilale bwana, watu wa Mkuyuni wamekuja kukuona."

"Sijalala," mzee alijibu, macho ameyafumba.

"Haya, waambie basi ile ya gari la waya lililokwama na bwana harusi ndani."

Mzee alikuwa fundi wa magari ya waya enzi zake, na kisa hicho wodi nzima walikijua kwa moyo. Akaanza kukisimulia hivyo hivyo kwa usingizi, watu wakacheka kabla hajafika pa kuchekesha.

Mwenyekiti alisimama mlangoni akaangalia huku na huku. "Dakta," akasema, "hii ni wodi ya utafiti au gulio?"

Wageni wakacheka. Hidaya naye akacheka pamoja nao, na masikio yake yalikuwa yanawaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mikeka ile aliijua. Uji ule aliujua. Mama yake mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kuingia hospitalini na kikapu na kuanza kusalimia kitanda hadi kitanda, na Hidaya binti wa shule alikuwa akijifanya hamjui. Bi Mwantumu alikisikia kile kicheko, lakini hakukielewa, au alijifanya hakukielewa. Alijifunga kanga vizuri, akamimina uji kwenye kikombe, akamwendea mwenyekiti.

"Karibu, baba. Wa moto huu."

"Ahsante, mama, nimeshiba," mwenyekiti alisema, akirudi nyuma hatua moja ili suti isichafuke.

Kwenye ujia Profesa Ndimbo, mkurugenzi wa hospitali, alimvuta Hidaya kando. Hakuwa mtu wa kufoka. Alisema kwa upole kwamba Wodi Kimya imekamilika muda sasa, kwa nini haitumiki? Na Hidaya, akiwa bado anasikia kile kicheko masikioni, alisema atawahamishia wagonjwa huko kesho yake, na kwamba ndugu hawataruhusiwa kupita mlangoni. Hakuna aliyemlazimisha kuongeza hilo la pili. Aliliongeza mwenyewe.

Wodi Kimya kweli ilikuwa kimya. Kuta zilimeza sauti, taa zilijipunguza zenyewe, na kichwani pa kila kitanda alisimama mlindapumzi. Huyu alikuwa roboti mrefu, mwembamba, asiye na uso, aliyeelekeza sikio lake la chuma kifuani pa mgonjwa usiku na mchana. Hakujengwa tu, alifundishwa pia. Walimfundisha kwa kumbukumbu zote za wagonjwa wa Tulizo waliopita wodi ya zamani. Katika kumbukumbu hizo kulikuwa na jambo la ajabu kidogo. Pumzi za wagonjwa zilikuwa zikishuka mara kwa mara, zinashuka hasa, halafu zinapanda tena. Haikutokea hata mara moja zisipande. Hidaya ndiye aliyelipa jambo hilo jina, pumzi-wimbi, akaliandikia makala iliyosifiwa sana. Akasema ni mwili unavyozoea dawa. Na kwa kuwa hakutaka kelele za bure, alimfundisha mlindapumzi kwamba wimbi likishuka asipige king'ora. Asubiri lipande.

Bi Mwantumu walimsimamisha mlangoni na kikapu chake.

"Daktari mwanangu," alisema, "kaka yangu hajazoea kukaa peke yake."

"Shikamoo, mama. Hayuko peke yake. Ana mlindapumzi."

"Marahaba. Huyo mlindapumzi anaongea?"

"Haongei. Anasikiliza."

"Sasa Kaka Chambo ataongea na nani?"

Manesi wawili walikuwa wanapita. Hidaya akapaza sauti kidogo, ile sauti ya mtu anayetaka asikike na wengine. "Mama, mgonjwa anahitaji kupumzika. Nyinyi mnamchosha. Kutwa kumpigapiga, kutwa kumwamsha, hivi hata nyinyi mngekuwa wagonjwa mngependa?"

Bi Mwantumu alitazama chini. Kutoka ndani ilisikika sauti ya mzee, nzito kwa dawa: "Nenda tu, Mwantumu. Nitalala kidogo. Nenda kapumzike na wewe."

"Haya," Bi Mwantumu akasema. "Nyinyi ndio mnaojua." Akainua kikapu chake akaondoka, na Hidaya akajisikia amefanya kazi ya kitaalamu.

Kesho yake asubuhi na mapema, nesi alimpigia simu akiwa ndiyo kwanza ameingia ofisini. Hakueleza kitu, alisema tu njoo. Hidaya alikuta Mzee Lukwele amelala chali, mikono kifuani, uso umetulia kabisa. Alikuwa ameshaanza kupoa. Kichwani pake mlindapumzi alikuwa amesimama vilevile, sikio kifuani.

"Ripoti," Hidaya alimwamuru, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Pumzi zilishuka," alisema mlindapumzi kwa ile sauti yake laini. "Nilisubiri zipande kama nilivyofundishwa. Hazijapanda. Bado nasubiri."

"Zima," Hidaya akasema. "Mzimeni huyu. Mzimeni!"

Profesa Ndimbo alifika, akapitia faili, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Mzee alikuwa mtu mzima, akasema, saratani imetambaa, na moyo wake ulikuwa na matatizo ya siku nyingi. Ni moyo. Hidaya alitaka iwe moyo. Aliishika ile kauli kama mtu anayeshika kamba, akampigia simu Bi Mwantumu, akamwambia kwa maneno mazuri kwamba moyo wa mzee ulichoka, ameondoka usingizini bila maumivu yoyote. Kisha Bi Mwantumu akasema, "Innalillahi. Ahsante, mwanangu, kwa kuhangaika naye." Hidaya alikata simu haraka.

Siku ya maziko hakwenda makaburini. Wanawake hawaendi, hilo lilimpa nafuu, akajiambia atakwenda msibani baadaye kutoa pole. Badala yake alikwenda Wodi Kimya na kuvuta kiti kitandani kwa Mama Zuhura Mbena, mpishi wa shule aliyeungua mvuke wa jiko kubwa tangu begani mpaka kiunoni. Hakuwa na sababu ya kitabibu ya kukaa pale. Hakutaka tu kukaa ofisini na ile simu.

Mama Zuhura alisinzia. Juu ya kitanda mstari wa pumzi zake, mstari wa kijani, ulikuwa unapanda na kushuka vizuri. Halafu ukaanza kulegea. Pumzi moja, kisha kimya kirefu. Nyingine, kisha kimya kirefu zaidi. Siku zote Hidaya angeutazama mstari ule kwa kiburi cha mzazi: lile wimbi langu. Leo hakuuamini. Alimgusa Mama Zuhura mguu bila kufikiri.

"Mama Zuhura? Umelala?"

"Mmh," mgonjwa akajibu kwa mbali. "Sijalala, daktari. Nakusikia."

Mstari ukaruka juu. Pumzi zikarudi, moja baada ya nyingine, za kutosha kabisa.

Hidaya alikaa bila kupepesa macho. Mama Zuhura alizama tena, mstari ukalegea tena. Safari hii Hidaya alijizuia, mikono magotini, akasubiri lile wimbi lipande lenyewe kama alivyoandika kwenye makala yake. Halikupanda. Lilizidi kushuka, na midomo ya mgonjwa ikaanza kupoteza rangi.

"Mama Zuhura! We, Mama Zuhura! Amka, mwanao kaja!" Alimpiga kofi la unyayoni.

Mstari ukaruka.

"Pumzi-wimbi," alisema mlindapumzi. "Limepanda."

"Halijapanda," Hidaya akasema. "Nimelipandisha mimi."

Akaelewa yote kwa mpigo, na kuelewa kwenyewe kulikuwa kama kuvuliwa nguo hadharani. Yule mjumbe wa kwanza waliyemshangilia ukumbini hakubeba ganzi peke yake. Alibeba na breki ya pumzi, vyote viwili mgongoni, hata wa pili akilala usingizi wa pono. Dawa-upande ilikuwa inazima pumzi kama zile za zamani. Tofauti ni moja tu: mgonjwa wa Tulizo ukimwita, anaitika, na akiitika anavuta pumzi. Na katika ile wodi ya zamani lini mgonjwa aliachwa bila kuitwa? Umelala? Umeamka? Kunywa uji. Wa Mkuyuni wamekuja. Mchana kutwa, usiku kucha, kwa zamu. Jicho-seli halikuwaona ndugu, na kumbukumbu za pumzi hazikuwaandika. Kwa nini ziwaandike? Nani anaandika kwamba wodini mna viti? Hata Hidaya mwenyewe, aliyekulia humo humo, aliwaona kuwa ni uchafu wa kuondoa kabla wageni hawajafika. Utafiti wake wote ulikuwa umelala juu ya mikeka ile, naye akaikunja kwa mkono wake.

Alikwenda kunawa uso. Alipojiangalia kwenye kioo aliona aibu kujiangalia, akageuka.

Hata hivyo mikono yake ilijua la kufanya. Alipunguza dozi kwa kila mgonjwa. Aliwafundisha upya walindapumzi wote wapige king'ora mstari unapoanza tu kulegea. Alifungua milango ya Wodi Kimya na kuwapigia ndugu simu waje na mikeka yao, waje hata sasa hivi, na manesi wakatazamana kwa mshangao. Kisha akaenda kwa Profesa Ndimbo akamweleza bila kuficha kitu.

Profesa alimsikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Umefanya vizuri kufungua milango," akasema. "Ndugu wakae. Tutaiita sehemu ya tiba. Huduma ya familia, jina zuri tu. Lakini Mzee Lukwele ni moyo, Hidaya. Tumeshaandika moyo."

"Profesa, si moyo. Unajua si moyo."

"Nasema hivi. Jumatatu baraza linatia sahihi. Ukifungua kinywa sasa hivi, Tulizo inakufa, na huyo Mama Zuhura anarudi kulia kama zamani. Ulimsikia alivyokuwa analia. Unataka hivyo?"

"Na wasio na ndugu? Aliye peke yake hospitali ya Katavi huko, nani atamwita?"

"Tutaweka kwenye maelekezo ya dawa."

"Nani anasoma maelekezo ya dawa, Profesa?"

Ndimbo alisema, kwa ule upole wake, "Kapumzike. Nenda msibani katoe pole, urudi. Watu wazima hufa." Na Hidaya, jamani, hakubisha zaidi. Ni kweli alimsikia Mama Zuhura akilia, na ni kweli pia kwamba alikuwa anaogopa. Alikata shauri aende Bigwa kwa Bi Mwantumu, atoe pole, akae kidogo kama ada inavyotaka, kisha aondoke kabla hajaulizwa lolote. Mengine atayafikiria baadaye.

Nyumba ya msiba ilijaa. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanawake ndani wamekaa chini kwenye mikeka, miguu imenyooshwa. Hidaya alijitanda kanga kichwani, akavua viatu, akaingia akitegemea kujibanza pembeni. Hakufanikiwa. "Daktari kaja! Mpeni kiti daktari!" Kiti kikapitishwa juu ya vichwa vya watu, kikawekwa katikati, naye akakalishwa juu kama bibi harusi huku wenye msiba wamekaa chini ya magoti yake. Walimshukuru. Mmoja alimshika mkono akaubusu. Hidaya alikuwa anatazama kucha za miguu yake.

Sasa msibani kuna jambo. Kila anayeingia, akishatoa mkono wa pole na kulia kidogo, huuliza imekuwaje, na mfiwa humweleza. Hata kama kaeleza tangu asubuhi, humweleza tena tangu mwanzo, kwa sababu aliyekuja ana haki ya kujua. Basi Hidaya alikaa juu ya kile kiti akamsikiliza Bi Mwantumu akieleza. Sauti ile ya kupenya ukuta ilikuwa imekwisha, imebaki mkwaruzo.

"Alikuwa hajambo kabisa. Alikunywa uji, akacheka. Wakampeleka kwenye wodi nzuri, mpya, ina mashine. Daktari mwenyewe huyu hapa, amehangaika naye, Mungu amlipe. Moyo ukachoka." Akafuta macho. "Lakini mimi ndiye niliyemponza. Aliniambia nenda, nami nikaenda. Nilijua hapendi kulala peke yake, tangu utoto hapendi. Nikaenda nyumbani nikalala, tena nililala fofofo, nisiwafiche. Mwenzangu anakufa mimi nakoroma."

"Usiseme hivyo, Bi Mwantumu. Ni kazi ya Mungu."

"Nilimwacha," Bi Mwantumu akasema. "Nilimwacha kama mtu asiye na kwao."

Akaingia mwingine, akauliza. Bi Mwantumu akaanza tena: alikuwa hajambo, uji, wodi mpya, moyo, nilimwacha. Akaja mwingine. Kila mara hadithi ilikuwa ile ile, na kila mara lile "nilimwacha" lilizidi kuwa zito, na Hidaya aliona kwamba mama huyu atalisema mpaka siku ya kufa kwake. Uongo ule Hidaya ndiye aliyempa, kwa simu, kwa maneno mazuri.

Alishuka kwenye kiti. Alikaa mkekani, goti kwa goti na Bi Mwantumu.

"Mama," akasema. "Hukumwacha. Nilikufukuza."

"Ulifuata taratibu zenu, mwanangu."

"Hapana. Nisikilize, mama. Haukuwa moyo. Ilikuwa dawa yangu. Ile dawa inalegeza pumzi mpaka zinaisha, mimi sikujua, nilidhani zinarudi zenyewe. Hazirudi zenyewe. Zilikuwa zinarudi kwa sababu wewe ulikuwa unamwita. Kila ulipompiga unyayo ukamuuliza umelala, ulikuwa unamrudishia pumzi. Siku zote zile ulikuwa wewe. Nilipokutoa mlangoni, hakubaki wa kumwita."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anamenya vitunguu karibu na mlango aliweka kisu chini.

Bi Mwantumu alimtazama usoni. "Mashine ilikuwepo," akasema.

"Mashine niliifundisha mimi. Niliifundisha isubiri."

"Kwa nini ulinitoa?" Aliuliza kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza njia. "Ulisema namchosha. Ni kweli nilikuwa namchosha?"

Hapa Hidaya angeweza kusema utafiti. Angeweza kusema usafi, taratibu, baraza. Alifungua kinywa na maneno yote hayo yalikuwepo.

"Hapana," akasema. "Niliona aibu. Wageni walicheka, wakasema wodi yangu ni gulio. Niliona aibu."

"Ulinionea aibu mimi?"

"Ndiyo, mama."

Bi Mwantumu alishusha macho, akajitazama, mikono yake minene, kanga yake ya msiba, miguu yake iliyopasuka visigino. Hidaya alitamani apigwe. Alingoja apigwe. Wanawake wawili watatu walianza kunong'ona kwa hasira, mmoja akasema atoke huyu, atoke nje, lakini Bi Mwantumu aliinua mkono wakanyamaza.

"Na hiyo dawa," akauliza, "bado mnaitoa?"

"Jumatatu inapelekwa nchi nzima. Nitarudi hospitali niwaambie wakubwa, wasitie sahihi. Nakwenda sasa hivi, mama." Hidaya akaanza kuinuka. Alikuwa na haraka ya kweli, na ndani ya haraka hiyo kulikuwa pia na hamu ya kutoka humo chumbani.

Bi Mwantumu alimshika kiganja, akamrudisha chini. Mkono wake ulikuwa na nguvu.

"Wakubwa zako utawaambia, hawakimbii. Simu unayo. Anza na hawa." Akasogea kidogo, akaacha nafasi ubavuni pake, mahali pa mfiwa. "Tangu jana kila anayeingia ananiuliza imekuwaje, nami nawaambia uongo pasipo kujua. Nimechoka kueleza. Kaa hapa. Wakiuliza, utajibu wewe."

"Mama, mimi..."

"Kaa."

Hidaya akakaa. Nje zikasikika salamu za poleni, poleni, na viatu vikavuliwa mlangoni. Aliingia bibi mmoja mzee sana kutoka Mikese, shangazi wa marehemu na Bi Mwantumu, akishikwa mkono kwa sababu macho yalikuwa yamemwishia. Alikuja moja kwa moja mpaka kwa Bi Mwantumu, akamkumbatia, wakalia pamoja. Alipotulia akajifuta kwa upindo wa kanga.

"Jamani, mwanangu Chambo," akasema. "Imekuwaje?"

Bi Mwantumu alimgeukia Hidaya. Macho ya chumba kizima yalikuwa kwa Hidaya.

"Shikamoo, bibi," alisema Hidaya. "Naitwa Hidaya Kobelo. Mimi ndiye..." Sauti ikatoka nusu, ikafa.

"Nani anasema?" bibi akauliza, akigeuza sikio. "Sisikii."

"Sema kwa sauti," Bi Mwantumu akamwambia. "Anataka kujua."

Hidaya akaanza upya, kwa sauti.